Maandishi ya Nyuma ya Bafta

Kisa chenyewe kilianzishwa na panya. Shuka la sinema lilikuwa limekunjwa boharini tangu Ramadhani, nao wakaingia wakalitafuna, wakaacha matundu mawili palepale ambapo nyuso za watu hukaa. Gharib, mwenye mashine, alikuwa ameshuka asubuhi ile kutoka Mombasa na madebe yake ya filamu, na kesho yake baada ya Alasiri palikuwa na onyesho la wanawake. Basi magharibi ile ya mwaka wa hamsini na sita akamtuma Wazir, mfasiri wake wa picha, akatafute bafta nyeupe, pana, isiyo na mshono.

Wazir alizunguka maduka ya Amu, ndiyo Lamu, asipate. Kila aliyemuuliza alimwelekeza mahali pamoja: kwa Bi Hindu, mtaa wa Mkomani, yule mama mtu mzima anayeuza vitambaa nyumbani kwake. Wazir hakuhitaji kuelekezwa. Njia ile aliijua sana, na kwa miaka minne alikuwa akizunguka kichochoro kizima ili asiupite mlango ule.

Akapiga hodi. Bi Hindu akamjibu kutoka nyuma ya pazia la mlango, akamsikiliza, akaingia ndani, akakaa sana. Aliporudi, mkono wake ukatokeza pazia na bunda la bafta. Kitambaa kilinukia udi.

"Jora hili ndilo lilokatwa sanda ya Alawiya," akasema. "Lilosalia halina mvaaji. Likikufaa, chukua."

Alawiya alikuwa binti yake, mtoto wake wa pekee. Wazir akakipokea kitambaa. Akatoa pesa, Bi Hindu akazikataa. Kisha, akiwa bado nyuma ya pazia, akampa habari za Madi, aliyekuwa mumewe Alawiya. Madi amerejeshwa kutoka kisiwa cha Kiwayu, yuko kwa dadake mtaa wa Langoni, kifua kimemkalia, hapati siku nyingi. Mara tatu ametuma watu kuja kumuomba yeye radhi, na mara tatu yeye Bi Hindu amewarudisha. Mtu aliyemuua binti yake, radhi ataipata wapi?

Pazia likatulia. Wazir akadhani ameondoka.

"Wazir," akasema, na sauti yake ilikuwa karibu zaidi. "Wewe ndiwe uliyesoma barua ile. Nambia mbele ya Mngu. Yalikuwa ni maneno hayo?"

Kichochoroni hapakuwa na mtu. Wazir angeweza kusema. Ilikuwa ni kufungua kinywa tu.

"Ndiyo hayo, Bi."

"Basi na afe nayo," akasema Bi Hindu, akafunga mlango.

Sasa tuseme ukweli, maana Wazir hakuusema.

Miaka minne nyuma Wazir alikuwa akiwasomea watu barua. Usidhani wanawake wa Amu walikuwa hawajui kusoma. Alawiya alifundishwa na mamake mwenyewe, alihitimu Kurani akiwa na miaka tisa, na aliandika kwa herufi za Kiarabu mwandiko ambao watu walikuwa wakija kuutazama. Lakini Madi alifanya kazi melini Mombasa, hajui kuandika, na karani aliyemwandikia barua alitumia herufi za Kizungu. Mbele ya herufi zile msomi wa chuo cha Kurani alikuwa sawa na mtoto mchanga. Ilibidi atafutwe mtu aliyepita skuli ya serikali, na mtu huyo alikuwa Wazir. Alikuwa akikaa kibarazani kwa Bi Hindu, Alawiya yuko ndani nyuma ya dirisha, naye anasoma. Alawiya alikuwa na kicheko cha chini chini ambacho kilimnyima Wazir usingizi. Hapa hakuna haja ya kuzungusha maneno: alimtamani mke wa mtu.

Siku moja ikaja barua baada ya kimya cha miezi miwili. Wazir akaifungua, akaipitisha macho, akaona ni ya mapenzi. Akasikia Alawiya amezuia pumzi dirishani. Kisha, kwa sauti, akamsomea kwamba mumewe amemwacha talaka tatu.

Hivyo tu. Maneno machache. Baadaye alijiapia kwamba hakuwa amepanga, na pengine ni kweli, lakini alikuwa ameshahesabu miezi ya eda kabla hajafika mwisho wa sentensi. Akasema barua aiachie yeye, ataipeleka kwa kadhi. Jioni ile aliichoma nyumbani kwake ndani ya chetezo, juu ya udi, ili mkewe Rahima asisikie harufu ya karatasi.

Alawiya hakulia. Alikaa eda mwezi mmoja, wa pili akaacha kula. Mganga akaletwa, ngoma zikapigwa siku tatu, na kila pepo alipoulizwa jina lake alijibu neno moja kwa kinywa cha Alawiya: barua. Mji mzima ukafahamu hapo kwamba mume ametia jini ndani ya barua. Ukimwacha mkeo, mwache kwa wema. Kumtilia jini ni uchawi. Alawiya akafa kabla eda haijaisha. Mwezi wa Rajabu Madi akashuka Amu kwa mkongojo, amembebea mkewe marinda mawili, akaonyeshwa kaburi. Aliapa kwamba hakuacha mke, akaambiwa mwongo. Alipotaka aonyeshwe barua, Wazir akasema hakuifikisha kwa kadhi, alimrudishia marehemu mwenyewe mkononi. Watoto wakawa wanamkimbia Madi njiani. Akahamia Kiwayu, akakaa huko kama mtu aliyetupwa.

Na Wazir? Wazir akaacha kusoma barua. Akawa mfasiri wa picha, na sifa zake zikavuma mpaka Pate na Siyu.

Sifa yenyewe ilikuwa katika mwanzo wa picha. Watu wengine maandishi yanapopita huwa wanatafuta pa kukaa na kugombania mikeka. Wazir aliwanyamazisha. Alisema kila utendi una dibaji yake: mtunzi hamrukii shujaa wake moja kwa moja, kwanza humtaja Mola, kisha huomba wino na karatasi, na msikilizaji mwenye akili akisikia namna wino unavyoombwa anajua kama mbele kuna harusi au kuna kilio. Picha nayo ni hivyohivyo. Ukiyaangalia vizuri maandishi ya mwanzo, yanapita juu ya nini, yanamziba nani, ngoma gani inapigwa chini yake, umeshaijua picha nzima hata kabla mtu hajafungua mdomo. Tofauti ni moja, alisema, na wazee walicheka kila alipoisema: mtunzi wa utendi huona haya, jina lake hulitia mwishoni, lakini watu wa sinema hawana haya, majina yao huyatanguliza.

Tena alikuwa na mtindo wake. Hakusema "yule bwana alikwenda". Alisema "mimi nikaenda". Alijitia ndani ya picha, akawa mume, akawa mwizi, akawa mama mkwe, akataja mitaa ya Amu kama kwamba Misri iko ng'ambo ya Langoni. Watu walimpenda kwa hilo.

Siku ya onyesho la wanawake kulikuwa na utaratibu. Milango ya bohari ilifungwa, Gharib alijifungia na mashine yake ndani ya kijumba cha mbao, wanawake wakakaa mbele ya kitambaa na mabuibui yao wakiwa wameyafungua kwa joto, na mfasiri, kwa kuwa ni mwanamume, alikaa upande wa pili. Nyuma ya kitambaa. Picha aliiona kwa nyuma, kushoto kuwa kulia, na herufi zote zimegeuka. Yeye haoni watu, watu hawamwoni. Ni sauti tu inayovuka.

Alhamisi hiyo ya onyesho alikaa juu ya kigogo cha boriti, mkono mmoja kutoka kwenye bafta. Mashine ikaanza kunguruma. Picha ilikuwa ya Kimisri, ya huzuni, na mwanzo wake ulikuwa mzuri kuliko yote aliyowahi kuyafasiri. Giza. Kisha dirisha. Kisha taa imewekwa dirishani. Gambusi moja, peke yake, bila fidla.

"Itazameni taa, kina mama," akasema. "Imewekwa dirishani na haikuwashwa. Huyu mwenye nyumba anamngojea mtu, lakini hajui ni usiku gani. Sikilizeni gambusi. Likipigwa peke yake, mtu yuko peke yake."

Mwanamke akaonekana, amegeukia mlango. Majina yakaanza kupita, herufi za Kiarabu, mawili mawili, yakapanda mpaka yakamfunika uso.

"Mnaona majina yalivyomziba? Mtu ambaye majina ya watu wengine yanapita juu ya uso wake, huyo ndiye atakayesemwa na kila mtu, naye asipewe nafasi ya kusema. Na yanakuja mawili mawili. Ngojeni mtaona. Likija moja pekee, hapo ndipo mume na mke wametengana."

Akasikia wanawake wanavuta pumzi. Alikuwa na raha yake hapo. Hiyo ndiyo kazi aliyoipenda.

Jina moja pekee likaja. Likaondoka. Gambusi likakoma.

Picha ilitakiwa ianze. Haikuanza. Dirisha lilibaki na taa yake, na mashine ilikuwa inazunguka kama kawaida. Wazir akangoja. Akadhani mkanda umekwama, lakini mkanda ukikwama huungua, na hakukuwa na harufu ya mkanda.

Kulikuwa na harufu nyingine...

Udi. Na ndani ya udi, karatasi.

Ndipo maandishi yakatokea, chini ya taa, polepole. Hayakuwa ya Kiarabu. Zilikuwa herufi za Kizungu, za mkono, za wino. Na wakati kila herufi iliyopita pale ilikuwa imegeuka, hizi hazikugeuka. Zilisomeka sawasawa. Yaani kwa wale wa mbele zilikuwa kinyume, na kwa aliyekaa nyuma zilikuwa sawa.

Ziliandikwa kwa ajili yake.

*Mke wangu, salamu sana. Aandikaye ni karani, lakini maneno ni yangu.*

Wazir aliyajua. Aliwahi kuyasoma mara moja tu, kwa macho, kibarazani, na hakuna neno lililomtoka tangu siku ile. Upande wa pili wanawake wote walikuwa kimya, kimya ambacho si cha watu wengi.

Bafta ikasogea. Mbele yake hasa, chini, usawa wa kinywa cha mtu aliyeketi chini, ikafura kidogo kama mtu amekiweka kinywa chake kwenye kitambaa.

"Soma."

Ilikuwa sauti ya chini chini. Aliijua pia.

"Barua..." akasema Wazir. "Imekuja barua. Mume anasema... anasema amemwacha."

Kitambaa kikavutwa kwa ndani, ghafla, kama mtu aliyevuta pumzi ya maumivu. Maandishi yakazimika. Mtu wa kwanza akaonekana mlangoni, akasema neno la Kimisri, na picha ikaendelea. Wazir aliifasiri yote mpaka mwisho na hata leo hajui alisema nini.

Wanawake walipokwisha kutoka, akamuuliza Gharib maandishi ya mwanzo yalichukua muda gani. Gharib akasema dakika mbili, kama picha zote. Hakukwama popote? Hakukwama. Ila mkanda ni mkuukuu, akasema, umeliwa na mashine za Mombasa, kuna mahali pana mikwaruzo mingi. Wazir akauliza nani alikuwa amekaa kwenye mkeka wa mbele kabisa. Gharib akamcheka. Mkeka wa mbele hakai mtu, shingo inauma. Ulikuwa mtupu tangu mwanzo.

Nyumbani Rahima alikuwa na hadithi tele. Alikuwepo bohari nzima ikilia, akasema, na wanawake wamemtaka Gharib airudie picha kesho Ijumaa. Shoga zake walikwenda moja kwa moja kwa Bi Hindu kumpa habari za picha ya barua ya talaka, na yule mama ambaye hajatoka nyumbani kwenda shughuli yoyote miaka minne amesema kesho atakuja. Rahima akamtilia mumewe wali, akamtazama.

"Baba Tima, ile barua ulivyoitaja... kama mtu aliyewahi kuishika."

Wazir akasema ni ufundi wa kazi. Rahima akaongeza kwamba Madi sasa hali kitu, anatiwa maji mdomoni kwa pamba, na kila akifungua macho huuliza kama Bi Hindu amejibu.

Wazir hakulala. Alimwona Madi na pamba yake. Aliona aibu, na kilichomtia aibu zaidi ni kwamba hata hapo, kitandani, alikuwa bado anahesabu. Akisema, Rahima ataondoka. Akisema, hakuna mtu Amu atakayempa tena mkono. Lakini mtu yuko Langoni anangoja radhi ambayo hana kosa la kunyimwa, na radhi hiyo ilikuwa imefungiwa ndani ya kinywa cha Wazir. Kabla ya Alfajiri alikata shauri kwamba maandishi yakija tena, atayasoma yalivyo.

Yakaja.

Taa, dirisha, gambusi, majina mawili mawili, jina moja. Kimya. Udi na karatasi. Safari hii Wazir hakungoja kuambiwa. Aliinuka kwenye boriti, akasogea mpaka pua yake ikakaribia kitambaa, na akasoma.

"Mke wangu, salamu sana. Aandikaye ni karani, lakini maneno ni yangu. Nilianguka ndani ya tumbo la meli nikavunjika mguu, nimelazwa hospitali miezi miwili, ndiyo sababu ya kimya. Usinidhanie. Sina mwingine. Mwezi wa Rajabu nitarudi, nikitembea au nikibebwa. Mguu huu hautakuwa mzuri tena, nakwambia mapema usije ukashtuka. Ulale upande wako wa kitanda. Upande wangu usimpe paka."

Mbele, mtu akacheka na kulia kwa pamoja. Kisha wengi wakalia. Wazir aliwasikia na akaona sasa ndiyo nafasi, asipoimaliza leo haitamalizika.

"Hiyo ndiyo barua," akasema. "Lakini aliyepewa kuisoma hakuisoma hivyo. Alimtamani yule mke. Akasema ni talaka, kisha akaichoma. Mke akafa kwa uongo wake, na mume akaitwa mchawi. Msomaji huyo ni mimi. Mimi, Wazir, ninayesema nanyi."

Moyo ukawa mwepesi. Kwa muda wa pumzi mbili hivi, ulikuwa mwepesi kabisa.

Ndipo mwanamke mmoja akasema kwa mahaba, huku akipenga kamasi, "Yeo umetuweza, Bwana Wazir," na wenzake wakaitikia. Wakamuombea dua kwa ufundi wake. Si alikuwa mwizi mwezi uliopita? Si alikuwa mama mkwe? Maandishi yakazimika, mtu wa kwanza akaingia mlangoni na neno lake la Kimisri, na Wazir akasimama na kweli yake nyuma ya kitambaa, asiwe na wa kumpa.

Picha ilipokwisha akabaki palepale. Akasikia mabuibui yanapita, milango inafunguliwa, watoto wanaitwa. Kisha akasikia hatua zinakuja upande wake, zikasimama ng'ambo ya bafta.

"Umesoma vema, mwanangu," akasema Bi Hindu. "Nimelia. Nalisahau kulia. Lau Madi angeandika kama mume yule, ningekwenda kwake kwa miguu yangu."

Wazir akafungua kinywa.

"Yule mke wa kwenye picha," akaendelea Bi Hindu, "hakuonekana na paka. Nimetizama mpaka mwisho. Alawiya ndiye aliyekuwa na paka. Akilala naye kitandani, mumewe akimgombeza."

Palikuwa na kitambaa kimoja tu baina yao. Alikuwa amekwisha kusema mbele ya wanawake sitini, lakini kusema mbele ya mtu mmoja anayemwamini ilikuwa jambo jingine kabisa.

"Paka wako kila mji, Bi," akasema. "Ni picha tu."

Bi Hindu hakubishana. Aliomba jambo moja: ile barua amnakilie kwa herufi za Kiarabu, apate kuisoma mwenyewe, akae nayo. Kisha akaenda zake.

Jumamosi asubuhi Wazir akajifungia, akashika kalamu. Aliandika yote, neno kwa neno, hata la paka. Ilikuwa barua ileile aliyoichoma, imerudi kwa mkono wake mwenyewe. Hapakuwa na jina la mke. Aliandika *mke wangu* tu. Mwisho, pale pa jina la mwandishi, aliiinua kalamu, akaishusha, akaiinua. Akaacha wazi. Akaikunja karatasi na kumpa Rahima aipeleke.

Haukupita muda Rahima akarudi, amekunja uso. Bi Hindu anamtaka, sasa hivi.

Safari hii pazia lilikuwa limefunguliwa. Bi Hindu alikuwa amekaa ukumbini, buibui mabegani, karatasi magotini. Akamwashiria akae. Nyumba ilikuwa kimya na hakuna chetezo kilichokuwa kinafuka, lakini udi ulikuwepo.

"Barua nimeipokea kwa Rahima, nikaifungua mwenyewe," akasema. "Jina la aliyeandika hukulitia. Hili la aliyepokea kalitia nani?"

Akamgeuzia karatasi. Chini, mahali alipopaacha pakiwa peupe, palikuwa na mstari mmoja. Wino ni uleule. Mwandiko haukuwa wake; ulikuwa mwembamba, wenye mikia mirefu, mwandiko ambao watu walikuwa wakija kuutazama.

*Imenifikia. Alawiya.*

Wino ulikuwa bado unang'aa.

Bi Hindu hakuwa na machozi. Alisema mwandiko ule yeye ndiye aliyeufundisha, alimshika mtoto mkono kwa miaka mitatu, na hakuna mtu Amu wala Pate anayeukata mkia wa herufi namna ile. Kwa hiyo hataki kuambiwa habari za picha. Anataka kujua barua ni ya nani.

"Ya Madi," akasema Wazir. "Ni ya Madi, Bi. Mimi niliisoma uongo."

Ilikuwa fupi hivyo. Miaka minne, na ilikuwa fupi hivyo.

Bi Hindu akainuka. Alichelewa kidogo kusimama, akashika ukuta, lakini hakutaka kushikwa mkono. Akajifunika buibui, akaitia karatasi kifuani, akatoka kuelekea Langoni kwa miguu yake, mwanamke ambaye goti lake lilikuwa bovu, na watu walisema baadaye kwamba hajawahi kuonekana akienda mbio vile. Hakumwambia Wazir kaa wala ondoka.

Wazir akabaki ukumbini peke yake.

Akataka kuinuka. Ndani, nyuma ya pazia la pili, chumba ambamo Alawiya alikaa eda yake, akasikia karatasi inakunjuliwa. Taratibu. Kisha inakunjwa. Kisha inakunjuliwa tena, kama mtu anayesoma barua moja mara nyingi. Na halafu kile kicheko cha chini chini, kimefika mahali pa paka.

Alikimbia mpaka kiatu kimoja kikabaki mlangoni.

Bi Hindu alimkuta Madi yuko hai. Walioko pale wanasema alimsomea barua yake mwenyewe sikioni, na Madi alikuwa akimsahihisha kila alipokosea kusoma, maana aliikumbuka. Alimpa radhi mbele ya dadake na majirani, na yeye akamwomba Madi ya kwake. Jumapili kabla ya adhana ya Alfajiri Madi akafa, na hakuna aliyemwita tena mchawi. Mji ukasema barua ilipatikana sandukuni. Nani alisema hivyo kwanza, haijulikani, Wazir hakutajwa. Rahima bado yuko nyumbani kwa mumewe, na watu bado wanamsifu Wazir njiani kwa ile picha ya taa.

Kutotajwa huko ndiko kunakomla. Alingoja Bi Hindu amtoe hadharani, hakumtoa. Alingoja alaaniwe, hakulaaniwa. Baada ya arobaini ya Madi hakuweza kustahimili zaidi. Akamweleza Rahima yote, Rahima akalia siku mbili bila kumsemesha, kisha akavaa buibui akaenda Mkomani kumwombea mumewe radhi.

Akarudi na jibu, akalitoa kama alivyopewa, bila kumtazama.

"Amesema radhi hiyo si yake kuitoa. Amesema, mwenyewe yuko ndani, chumbani mwake. Aye hapa amuombe."

Hiyo ilikuwa miezi mitatu iliyopita, na Wazir bado hajaenda.